Mfupa Uliovunjika Husubiri, Misuli Haisubiri

Msimu wa maembe unapowadia, watoto hupanda miembe, na baadhi yao huanguka. Mtoto aangukaye hutanguliza mkono, na mara nyingi mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko. Wazazi huuona mkono uliopinda, fikra zao zote zikaelekea kwenye mfupa. Hata hivyo, katika saa za mwanzo hatari kubwa zaidi yaweza kuwa kwenye misuli. Mfupa huunga baada ya wiki kadhaa. Misuli iliyokosa damu yaweza kufa siku iyo hiyo.

Misuli iliyo kati ya kiwiko na kiganja, na ile iliyo chini ya goti, imo ndani ya vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Damu inapovuja au uvimbe unapoongezeka ndani ya kifuko hicho, shinikizo hupanda. Likizidi, vimishipa vidogo vya damu hubanwa, na misuli pamoja na mishipa ya fahamu hukosa damu. Misuli huweza kustahimili hali hiyo kwa takriban saa 4. Zikipita saa 6 hadi 8, sehemu kubwa yake hufa. Baadaye hugeuka kovu, kovu hilo husinyaa, na vidole hujikunja visinyooke tena. Mkono kama huo haushiki vema jembe wala kalamu.

Ulemavu huu ulielezwa mwaka 1881 na Richard von Volkmann, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliyeuhusisha na bendeji zilizokazwa mno. Onyo lake lingali na maana. Vipande vya mbao vilivyofungwa kwa kitambaa nyumbani au kwa mganga wa mifupa, na hata plasta ngumu ya hospitali ambayo wengi huiita POP, vyote vyaweza kubana uvimbe ukiongezeka. Kuutuliza mkono uliovunjika ni jambo jema. Kuukaza ndiko kwenye hatari.

Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi ukubwa wa jeraha, yanayoongezeka hata baada ya dawa ya kutuliza. Maumivu hayo huwa makali zaidi vidole vinaponyooshwa taratibu na mtu mwingine. Mkono au mguu huwa mgumu na kuvimba kwa kukakamaa. Kisha huja ganzi, ubaridi, kupauka na kushindwa kusogeza vidole. Mapigo ya damu kifundoni yanaweza kuendelea kusikika, hivyo yasimpe mtu matumaini ya uongo. Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza huzidi kulia na hatulizwi kwa lolote.

Dalili hizo zikionekana, kitambaa na mbao vilegezwe mara moja, na mgonjwa afikishwe hospitalini bila kukawia, hata kama ni usiku wa manane. Aliyefungwa POP arudi saa iyo hiyo, asingoje tarehe aliyopangiwa. Mkono au mguu uwekwe usawa wa moyo. Usichuliwe, wala usikandwe kwa maji ya moto.

Hospitalini, plasta hupasuliwa kwa urefu wake wote. Shinikizo lisiposhuka, daktari wa upasuaji huchana ngozi na utando ili misuli ipate nafasi na damu ipite. Jeraha hilo huachwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kufungwa. Ndugu wengi hushtuka wanapoliona, na wengine husita kutoa ridhaa. Lakini kuchelewa huko ndiko kunakoweza kumnyima mgonjwa mkono wake.

Kwa hiyo, kila anayeondoka hospitalini na plasta aulize kabla ya kutoka mlangoni: ni dalili zipi zinazomtaka arudi mara moja, na usiku aende wapi? Na aliye nyumbani naye ayasikilize maumivu yake, asiyachukulie kuwa ni udekaji.