Mhusika Anayemwona Mchezaji: Ukuta wa Nne Katika Michezo ya Video

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ngoma ya mganda huchezwa na wanaume waliojipanga safu kama askari. Asili yake ni beni, ngoma iliyoiga magwaride ya majeshi ya kikoloni na kuenea sana baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mwambao huu uliionja vita hiyo mapema. Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali palipoitwa Sphinxhafen wakati huo. Gwaride la mganda, basi, lina historia yake. Lakini linalotuhusu hapa ni jambo jingine: mwimbaji wa mganda huwaona anaowaimbia. Wimbo ukigusa mambo ya kijiji, mhusika wake huenda amesimama palepale ukingoni mwa uwanja, naye aweza kucheka, kununa, au kuingia kati na kumtuza mwimbaji.

Katika majumba ya michezo ya Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Jukwaa lilijengwa kama chumba chenye kuta tatu, na upande wa nne ukaachwa wazi kwa watazamaji. Mwaka 1758 mwandishi Mfaransa Denis Diderot aliwashauri watunzi na waigizaji wafikiri kwamba mbele ya jukwaa pana ukuta mkubwa unaowatenga na watazamaji, waigize kana kwamba pazia halijafunguliwa. Ndipo ulipotoka usemi wa ukuta wa nne. Mwigizaji anayegeuka na kusema na hadhira husemwa kuwa ameuvunja. Kwa mtambaji wa hadithi anayedai kuitikiwa kabla hajaanza, usemi huo ni mgeni kidogo. Mtu hawezi kuvunja ukuta ambao hakuujenga.

Kijana wa Mbinga au Mbamba Bay anayecheza mchezo wa video, iwe kwa simu au kwa kompyuta, anakabiliana na ukuta wa kweli kuliko ule wa Diderot. Ukuta huo ni kioo. Kwa hiyo mhusika aliye nyuma ya kioo akimgeukia na kumtaja kwa jina, mshangao wake ni wa haki. Wako wanaoogopa, na wako wanaosadiki kwamba mashine ina akili inayowachungulia. Mwalimu wa sayansi hana budi kuwa na jibu la swali hili: mhusika amejuaje?

Programu ya mchezo huenda kwa mizunguko. Katika michezo mingi mzunguko mmoja huchukua sehemu moja ya 60 ya sekunde. Katika muda huo mfupi programu husoma vitufe, hukokotoa mahali alipo kila mhusika, kisha huchora picha mpya. Haioni chumba wala uso wa mtu, isipokuwa imefunguliwa kamera. Hupokea habari kupitia milango michache tu, kama vile vitufe, saa ya mashine, na kumbukumbu iliyohifadhiwa.

Mfano mwepesi ni Sonic the Hedgehog, mchezo uliotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1991. Mchezaji akiacha vitufe kwa muda, Sonic humtazama na kupigapiga mguu chini, kama mtu aliyechoka kungoja. Tabia ya namna hii mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kuieleza kwa hesabu. Programu huanza na 0. Kila mzunguko usio na kitufe huongeza 1. Kitufe kikibonyezwa, hesabu hurudi 0. Kwa mizunguko 60 kila sekunde, kimya cha sekunde 5 ni 300. Ikiwa 300 ndicho kikomo alichokiweka mtunzi, mguu utaanza kupiga. Hakuna aliyechoka, ni namba iliyotimia.

Metal Gear Solid, mchezo wa kampuni ya Konami uliotolewa mwaka 1998 kwa mashine ya PlayStation, ulitumia milango hiyo kwa ujanja mkubwa zaidi, na pengine haujapata mpinzani. Ndani yake yumo adui aitwaye Psycho Mantis, anayejigamba kwamba husoma mawazo. Humwambia mchezaji ni michezo gani mingine anayoipenda, na huweza kusema kweli. Humwamuru aiweke pedi sakafuni, kisha pedi hutikisika yenyewe. Katika mapigano huyakwepa mashambulizi kana kwamba ameyajua kabla. Mbinu yake ni ya mpiga ramli aliyekwisha kuuliza majirani. Programu huikagua kadi ya kumbukumbu na kutafuta kama imo michezo mingine ya Konami. Ikiwa haimo, utabiri hauna pa kusimama. Pedi hutikiswa na mota ndogo zilizomo ndani yake. Na dawa ya kumshinda adui huyo ndiyo inayofichua siri yote: mchezaji huichomoa pedi katika tundu la kwanza na kuichomeka katika la pili. “Msoma mawazo” alikuwa akilisoma tundu moja tu.

Katika Undertale, mchezo uliotungwa na Mmarekani Toby Fox mwaka 2015, mchezaji aliyemwua mhusika akajuta aweza kurudi nyuma na kuanza upya. Ua liitwalo Flowey humkumbusha alichokifanya. Lilijuaje? Programu iliandika habari hiyo katika faili ambalo kurudi nyuma hakulifuti. Doki Doki Literature Club wa mwaka 2017 huchukua jina la mtumiaji kutoka katika kompyuta yenyewe, na mhusika Monika hulitamka. Ili kumwondoa, mchezaji hulazimika kulifuta faili lake kwa mkono.

Katika michezo hiyo milango ilikuwa myembamba. Simu ya leo ina kamera, maikrofoni, orodha ya majina ya watu, na kifaa cha kujua mahali ilipo. Mchezo unapoomba ruhusa ya kuvitumia, unaomba macho na masikio ambayo Psycho Mantis hakuwa nayo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata hivyo, kidole kinachobonyeza “kubali” ni cha mchezaji, na aghalabu hubonyeza bila kusoma.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kulifanya somo hili kwa kanga na meza. Mwanafunzi mmoja akae nyuma ya kanga iliyotundikwa, akiwa na karatasi ya maagizo: pigo moja la meza, sema “nakwenda kushoto”, mapigo mawili, “nakwenda kulia”, ukihesabu hadi 10 bila kusikia pigo, sema “mbona umelala?”, kisha anza kuhesabu upya. Mchezaji akae upande wa pili na agonge meza. Baadaye na amkunjie uso mhusika wake, amwonyeshe ulimi, halafu anyate na kutoka darasani. Nyuma ya kanga sauti itaendelea kumwuliza mbona amelala.