Asistanti Sosiali Akipiga Hodi, Baba Yuko Wapi?

Wengi kati yetu wamama tunaijua hodi hiyo. Asistanti sosiali anafika asubuhi, baba ameenda shambani ao kwenye machimbo. Mama anatoa kiti na kujibu maulizo yote peke yake: mtoto ameacha masomo tangu lini, analala wapi, nani alimpiga. Jioni baba anasikia kwa jirani kwamba "watu wa Leta" walikuja kumwandika mtoto wake. Anakasirika. Asistanti akirudi, baba anamfukuza, ao anapita nyuma ya nyumba na kwenda zake.

Katika kikundi chetu tumeona jambo hilo mara nyingi, na tukubali kosa letu. Tukiulizwa juu ya baba, tunasema "hayuko", hata kama analala nyumbani kila usiku. Wengine wanamficha kwa haya, wengine wanaogopa atafungwa. Asistanti anaandika kwamba baba hajulikani, na neno hilo linabaki katika karatasi.

Karatasi hiyo ina uzito. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mtoto akitupwa, akizurura ao akisingiziwa uchawi, hakimu wa watoto anaweza kuamua aishi kwa jamaa wa ukoo, kwa familia nyingine ao katika kituo. Uchunguzi wa asistanti ndio unaomwonyesha hakimu hali ya nyumbani. Kama baba hajulikani, shangazi na babu wa upande wake nao hawajulikani. Mtoto anaweza kupelekwa kwa wageni wakati damu yake iko kartye ya pili. Hapa Mitwaba, ambapo vita ilitawanya familia nyingi, tunajua uchungu wa mtoto asiyejua ukoo wake.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumwambie baba siku ileile, kwa kinywa chetu, mbele jirani hajamwambia. Pili, tumweleze kwamba asistanti si polisi wala hakimu: kazi yake ni kusikiliza, kushauri na kutoa habari. Tatu, tumwombe asistanti aje saa baba yuko nyumbani, jioni ao siku ya Mungu kisha ibada. Na ninyi maasistanti mnaosoma gazeti hili, muiteni baba kwa jina lake. Mbele ya kumuuliza makosa, mumuulize mtoto wake anapenda nini. Baba aliyeheshimiwa anafungua mlango.

Lakini tusidanganyane. Kuna baba ambaye yeye mwenyewe ndiye hatari. Kama anapiga mpaka kuumiza, ao anamgusa mtoto vibaya, mama asilazimishwe kuketi naye kikao kimoja. Mama na mtoto wasikilizwe kando, na asistanti aambiwe wazi mbele hajaenda kuonana na baba huyo. Ubakaji haumalizwi katika familia kwa mbuzi ao feza.

Kwenye mkutano wa juma hili, kila mmoja wetu aliyetembelewa na asistanti ajibu ulizo moja: baba wa mtoto aliambiwa na nani? Kama jibu ni "jirani", tutapanga pamoja namna ya kuanza upya.