Hati Mkononi, Ardhi Mashakani: Maamuzi ya Mahakama ya Juu Yanavyotufikia Majumbani

Mwezi uliopita, baada ya Isha, binami yangu aliyeko Muscat alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Mwalimu, nimepata ploti Mombasa, karibu na bahari. Hati ipo, nimetumiwa picha yake. Arabuni nishatoa. Nakuomba uende ukaniangalilie tu kabla sijamaliza pesa."

Kesho yake nikaenda. Ploti nzuri, upepo mwanana, minazi miwili. Lakini katikati yake ilipita njia nyembamba iliyokanyagwa mpaka mchanga umekuwa mgumu. Nikamuuliza mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na nyavu begani. Akanijibu, "Bwana, hii ndiyo njia yetu ya kwenda pwani tangu mimi ni mtoto."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa naikumbuka kesi moja.

Tulipokuwa sekondari, shule ya misheni, tulikariri mihimili mitatu ya serikali kama tunavyokariri majedwali ya hesabu: Bunge, Serikali, Mahakama. Siku hizo Kenya haikuwa na Mahakama ya Juu. Kesi ziliishia Mahakama ya Rufaa. Mahakama ya Juu imeletwa na Katiba ya 2010. Ina majaji 7, na Kipengele cha 163 kinasema kuwa uamuzi wake unazifunga mahakama nyingine zote. Maana yake ni kwamba kesi ya watu wawili ikifika pale na kuamuliwa, sheria iliyotoka humo inatuhusu sote, hata aliyeko Doha ambaye hakupata kusikia majina ya waliokuwa wakishitakiana.

Wengi wetu tunaijua mahakama hii kwa siasa. Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, majaji 4 kati ya 6 walioketi waliufuta uchaguzi wa rais. Lilikuwa jambo geni Afrika nzima. Siku ile ile biashara katika Soko la Hisa la Nairobi ilisimamishwa kwa muda kwa sababu bei zilikuwa zikiporomoka. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 26 Oktoba, Raila Odinga akaususia, Uhuru Kenyatta akashinda. Mwaka 2022 malalamiko kama hayo yalifika tena mbele ya Jaji Mkuu Martha Koome na wenzake, na mara hii majaji wote 7 wakayakataa. William Ruto akaapishwa. Mlango ni ule ule, majibu mawili tofauti, na nchi ikayafuata yote mawili.

Lakini kesi iliyoninyima usingizi haikuwa ya urais. Ni ya ploti, tena ya hapa hapa Mombasa, Nyali. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya ardhi iliyopakana na bahari. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikaingia na kuvunja ukuta, ikisema pale ni njia ya umma ya kwenda ufukweni. Kampuni ikaenda mahakamani. Ikashindwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa Mahakama ya Juu.

Hoja ya kampuni ilikuwa ile ile ambayo mimi na wewe tungeitoa: tumenunua kwa pesa zetu, kwa mtu mwenye hati, na hati imeandikishwa serikalini. Majaji wakarudi nyuma mpaka mwanzo wa mnyororo. Ardhi ile ilikuwa imetengwa kuwa uwanja wa wazi wa umma. Mwaka 1989 ikagawiwa mtu binafsi, naye ni Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, na utaratibu wa sheria katika kuigawa haukufuatwa. Baadaye ikauzwa, ikauzwa tena, mpaka ikafika kwa kampuni hii. Mahakama ikasema kuwa hati peke yake haitoshi. Kama mkono wa kwanza haukupata ardhi kwa njia ya halali, wa mwisho hana alichonunua, hata kama hakujua lolote. Kipengele cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mwaka huo huo wa 2023, katika kesi nyingine, ya kampuni ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilisema kuwa barua ya kugawiwa ploti si hati ya kumiliki. Ni ahadi tu, mpaka masharti yake yatimizwe na ardhi iandikishwe. Na barua kama hizo zinauzwa mpaka leo, dalali akikwambia, "Hii ni sawa na hati, mzee."

Wapo wanaolalamika kuwa maamuzi haya yanawaumiza wanunuzi wasio na kosa. Kweli yanawaumiza. Mtu ametoka jasho Sur au Sharjah miaka ishirini, leo aambiwe hana kitu? Lakini nikimkumbuka yule mvuvi, naona upande wa pili. Naye hakuwa na kosa. Kila ukuta uliojengwa pwani ulimfungia njia, na hakuwa na hati wala wakili.

Si ardhi peke yake. Mwishoni mwa Juni 2025 mahakama hii iliamua kuwa watoto wa baba Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake kwa sababu hiyo. Viongozi wa Kiislamu walipinga kwa nguvu, nami najua uzito wa jambo hili katika nyumba zetu. Sitalimaliza hapa. Nasema moja tu: kesi ile ilisikizwa Mahakama Kuu, si kwa Kadhi. Katiba inampa Kadhi mamlaka pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Familia ikianza kugombana, upande mmoja unaweza kukataa, na shauri likachukua njia nyingine kabisa. Kwa hivyo mwenye mali na ayapange mambo yake angali hai, ajue nani ni nani, aandike, aulize wanaojua.

Nikarudi kwa binami. Nikamwambia asitume hata shilingi moja zaidi. Akakasirika. "Mwalimu, mimi nina hati, wewe waniletea habari za mvuvi!" Nikamjibu kuwa upekuzi wa afisi ya ardhi utamwambia nani ni mwenyewe leo, lakini majaji wanauliza nani alikuwa wa kwanza na aliipataje. Tukatafuta wakili wetu wenyewe, si wa dalali. Akaandika barua kumtaka muuzaji atoe karatasi za mwanzo: ugawaji wa kwanza, ramani ya mpango wa eneo, na ruhusa zilizotolewa wakati huo. Tukamtuma na mpimaji akaiangalie ile njia kwenye ramani.

Mpimaji akarudi na jibu: njia ipo kwenye ramani ya zamani. Muuzaji naye akaacha kupokea simu.

Arabuni tunaidai mpaka leo, na sijui kama itarudi. Lakini pesa kubwa bado ziko Muscat, kwenye akaunti ya mwenyewe. Juzi binami amenipigia tena. Ameona ploti nyingine, Kilifi. Safari hii hakuniuliza kama nimeiona hati. Ameniuliza, "Mwalimu, wa kwanza alikuwa nani?"