Robert Morris: Tajiri Aliyelidhamini Taifa

Sisi tunaoishi Marekani tumezoea kuwasikia matajiri wakiomba kura kwa hoja kwamba aliyeweza biashara ataiweza na serikali. Hoja hiyo ni kongwe kama taifa lenyewe, na maisha ya Robert Morris yanatusaidia kuipima. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1734, akahamia Maryland angali mtoto, kisha akajifunza biashara Philadelphia. Mwaka 1757 aliingia ubia na Thomas Willing. Meli zao zilibeba bidhaa za kila aina, na miongoni mwa walivyouza walikuwamo Waafrika waliotiwa utumwani. Utajiri wa namna hiyo ndio uliomjengea jina. Alitia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776 na Katiba mwaka 1787, kisha akawa seneta wa Pennsylvania kuanzia 1789 hadi 1795.

Wanaomtetea wana ushahidi mzito. Mwaka 1781, vita vya uhuru vikiendelea, hazina ilikuwa tupu, na noti za serikali karibu hazikuwa na thamani. Morris alipofanywa Msimamizi wa Fedha, alitoa hati za malipo zenye saini yake mwenyewe, na watu wakazipokea kwa kuwa walimwamini yeye kuliko serikali. Kwa mikopo aliyoidhamini binafsi, jeshi la George Washington lilifika Yorktown na kushinda. Hilo halikanushiki. Lakini kabla ya kukubali cheo alidai aendelee na biashara zake, na Bunge, kwa kuwa lilikuwa limekwama, likaridhia. Serikali inayotegemea dhamana ya mtu mmoja haina nguvu ya kumwekea masharti.

Wengine watasema hakuwa mwizi. Mjumbe wa Bunge Henry Laurens alipotilia shaka biashara zake mwaka 1779, uchunguzi wa Bunge ulimwondolea lawama. Tena, kama angekuwa ameiba, asingefungwa kwa madeni kuanzia 1798 hadi 1801, baada ya kukopa kupita kiasi ili anunue mamilioni ya ekari za ardhi. Nakubali kwamba gereza hilo linadhoofisha tuhuma ya wizi. Hata hivyo, linathibitisha hatari nyingine: ujasiri uleule wa kukopa uliolisaidia taifa vitani ndio uliomfilisi. Kama anguko lake lingetokea akiwa bado ameshika fedha za umma, wanajeshi na wakopeshaji wangeumia pamoja naye.

Marekani ilijifunza mapema. Sheria ya mwaka 1789 iliyounda Wizara ya Fedha iliwakataza wakuu wake kufanya biashara au kununua ardhi ya umma, na ilipitishwa Morris mwenyewe akiwa seneta. Basi mfanyabiashara anapokuomba kura, huku ugenini au nyumbani Afrika Mashariki, usimuulize tu amechuma kiasi gani. Muulize ni sheria gani itakayotenganisha mfuko wake na wa umma, na nani mwenye uwezo wa kumzuia akiivunja.