Idara za Lugha Nazo Zinahitaji Kadi ya Grafiki

Yapo mazoea yaliyokita mizizi katika vyuo vyetu, nayo ni kudhani kwamba mitambo ya hesabu nzito ni mali ya wahandisi na wanasayansi peke yao. Mwanafunzi wa isimu hutarajiwa awe na daftari, kinasa sauti na kipakatalishi cha kuchapia tasnifu, basi. Akitaka zaidi ya hapo huulizwa ni ya nini. Maoni yangu ni kwamba mazoea haya yana gharama, na gharama yenyewe italipwa na lugha zetu. Ndiyo maana leo naomba nimzungumzie msomaji juu ya chombo ambacho kwa mtazamo wa kwanza hakihusiani na sarufi wala fonolojia: kasha la nje la kadi ya grafiki, linalounganishwa na kipakatalishi kwa waya mmoja.

Tuanze na kadi yenyewe. Kadi ya grafiki ilibuniwa kwa ajili ya kuchora picha kwenye skrini, hasa picha za michezo ya tarakilishi. Prosesa kuu ya tarakilishi tunaweza kuifananisha na mwalimu mmoja hodari anayetatua mambo magumu moja baada ya jingine; kadi ya grafiki ni shule nzima ya wanafunzi wanaofanya hesabu ndogo ndogo kwa wakati mmoja. Kampuni ya NVIDIA ilipotoa programu za CUDA mnamo 2007, watafiti waliweza kuituma shule hiyo katika hesabu zisizohusu picha za michezo. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliifunza tarakilishi kutambua vitu katika picha kwa kutumia kadi mbili za GTX 580, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 3 kila moja. Zilikuwa kadi za michezo, za kununuliwa dukani. Kazi yao ilichangia pakubwa kuifungulia njia akili unde kama tuijuavyo leo, pamoja na mashine zinazosikiliza usemi na kuuandika.

Kipakatalishi cha kawaida hakina nafasi ya kadi kubwa kama hiyo. Ni chembamba, hupata joto upesi, na chaja yake aghalabu hutoa wati 65, ilhali kadi ya wastani kama RTX 3060 peke yake huhitaji wati 170. Dawa ndiyo kasha: sanduku la chuma lenye mtambo wake wa umeme, feni zake, na mahali pa kuchomeka kadi. Waya mmoja hutoka humo na kuingia kwenye tundu la kipakatalishi. Njia hii ilipata nguvu baada ya Thunderbolt 3 kutangazwa na kampuni ya Intel mwaka 2015, ikiwa na uwezo wa kupitisha gigabiti 40 kwa sekunde. Makasha yaliyolengwa kwa watu wa kawaida yalianza kuenea sokoni tangu 2016.

Wajuzi wa mambo haya hawatakosa kupinga. Watasema kwamba waya huo ni mwembamba mno, nao watakuwa na hoja. Ndani ya tarakilishi ya mezani, kadi hukaa kwenye nafasi yenye njia 16 za data, ambazo katika kizazi cha tatu cha PCIe hupitisha takriban gigabaiti 16 kwa sekunde. Kasha la Thunderbolt 3 hupata njia 4 tu, na data ipitayo haifiki hata gigabaiti 4 kwa sekunde. Mcheza michezo huliona pengo hilo. Akitumia skrini ya kipakatalishi chenyewe, kila picha iliyochorwa na kadi sharti irudi kwa waya ule ule. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 inayoonyesha picha 60 kwa sekunde hudai karibu nusu gigabaiti ya safari ya kurudi kila sekunde. Ndiyo sababu wachezaji hushauriwa waunganishe skrini nyingine moja kwa moja na kadi iliyo kasheni.

Kazi ya lugha, hata hivyo, ina tabia nyingine. Chukua mfano wa Whisper, modeli ya kugeuza usemi kuwa maandishi ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa kwa umma mwaka 2022, ili yeyote aweze kuipakua na kuiendeleza. Ile kubwa kabisa ina vigezo milioni 1,550. Kila kigezo kikihifadhiwa kwa baiti mbili, tunapata takriban gigabaiti 3.1. Mzigo huo huvuka waya mara moja tu, kisha hukaa ndani ya kadi. Rekodi ya mahojiano ya saa moja, iliyotayarishwa kwa kiwango cha sampuli 16,000 kwa sekunde na biti 16 kila sampuli, ni megabaiti 115 hivi. Huvuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya hapo hesabu zote nzito hufanyika ndani ya kadi, na kinachorudi ni maandishi. Kwa kazi ya namna hiyo wembamba wa waya si hoja kubwa.

Hoja kubwa ni kumbukumbu ya kadi. Kuitumia Whisper kubwa kwa unukuzi huhitaji gigabaiti 10 hivi. Kuifunza zaidi ni mzigo mwingine, kwani kwa njia ya kawaida kila kigezo huhitaji takriban baiti 16: chenyewe, badiliko lake, na hesabu za kuliongoza badiliko hilo. Modeli ndogo ya vigezo milioni 244 itadai gigabaiti 4 kabla hata ya sauti zenyewe kuingizwa; ile kubwa itadai karibu 25. Kwa hiyo kadi yenye gigabaiti 12 itamwezesha mwanafunzi kunukuu kwa modeli kubwa na kuifunza ile ndogo. Hilo si jambo haba kwa tasnifu ya uzamili.

Msomaji atauliza: kwa nini mwanaisimu ajisumbue kufunza mashine ambayo tayari imefunzwa na wenye uwezo? Jibu limo katika takwimu za wenyewe. Whisper ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa takriban 117,000 tu ndizo zilizogawiwa lugha 96 zisizo Kiingereza kwa ajili ya unukuzi. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha hizo. Kijaluo hakimo, Gikuyu haimo, Kikamba hakimo. Na hata kwa Kiswahili tujiulize, ni Kiswahili kipi? Mvita wa jadi hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni kwa mpumuo unaoandamana na sauti ya kwanza ya neno la pili; hutofautisha pia *t* ya meno na *t* ya ufizi. Hati sanifu haionyeshi tofauti hizo, na mashine iliyofunzwa kwa hati sanifu haina sababu ya kuzijali. Mhandisi aliye mbali hawezi kulaumiwa kwa kutolijua hilo. Sisi tunaolijua ndio tunaopaswa kulaumiwa iwapo hatutakuwa na chombo cha kumfunza huyo mwanafunzi wa chuma.

Wapo wanaoshauri kwamba tutumie seva za kukodi zilizoko ng'ambo, ambazo nyingine hutolewa bure kwa saa chache. Kwa majaribio ya darasani ushauri huo ni mzuri, nami siupingi. Lakini wahenga walisema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Rekodi za saa 100 kwa ubora wa diski ya muziki, yaani sampuli 44,100 za idhaa mbili, ni gigabaiti 63 hivi. Mwanafunzi anayenunua data kwa simu atazituma kwa pesa gani? Fauka ya hayo, mzee wa Lamu au wa Siaya aliyekubali kuhojiwa kuhusu ukoo wake na maradhi yake alimwamini mtafiti aliyeketi mbele yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa mambo yanayohusu data ya kibayometriki, na inaweka masharti kwa data ya watu inayopelekwa nje ya nchi. Sauti inayochakatwa juu ya meza ya mtafiti haivuki mpaka wowote.

Wengine watasema, na hawa nawaheshimu zaidi, kwamba ni heri kununua tarakilishi ya mezani. Kasha tupu lina bei yake, kadi ina yake, na mwishowe gharama yaweza kukaribia au kuzidi ile ya mashine kamili. Ni kweli. Mtu asiye na kipakatalishi cha kufaa, na ambaye kazi yake yote iko chumba kimoja, anunue mashine ya mezani bila kusitasita. Hali ya idara za lugha ni tofauti. Wahadhiri na wanafunzi wetu wengi tayari wana vipakatalishi vyenye data na programu zao, nao huzunguka navyo kutoka maktaba hadi nyanjani. Kasha moja la idara laweza kuazimwa kama kitabu cha maktaba: wiki hii liko kwa mtafiti wa toni, wiki ijayo kwa mwanafunzi wa tafsiri. Kipakatalishi cha bei ghali chenye kadi ndani yake humfaa mwenyewe tu, na kadi hiyo kwa kawaida haibadilishwi ikichakaa. Kadi iliyo kasheni hutolewa kwa kulegeza skrubu chache.

Anayenunua na aangalie mambo manne. Kwanza, tundu. Umbo la USB-C halitoshi kuwa ushahidi, kwa maana matundu mengi ya umbo hilo hayana uwezo wa kubeba njia za PCIe. Atafute Thunderbolt 3, 4 au 5. Hata USB4 sharti aichunguze, kwani uwezo huo haukulazimishwa kwa kila kipakatalishi cha USB4. Pili, aina ya mashine. Kampuni ya Apple iliyapokea makasha haya rasmi mwaka 2018 kwa mashine zenye prosesa za Intel, lakini mashine zake za M1 zilizotoka mwaka 2020 zilikuja bila uwezo huo. Tatu, programu: nyingi za utafiti wa usemi zimejengwa juu ya CUDA, kwa hiyo kadi ya NVIDIA humpunguzia anayeanza maumivu ya kichwa. Nne, umeme. Kipakatalishi kina betri, kasha halina. Umeme ukikatika usiku, kipakatalishi kitabaki macho ilhali kadi imezimika, na kazi ya saa kumi itapotea kama haikuhifadhiwa. Betri ya akiba ya tarakilishi na desturi ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika kadhaa ni sehemu ya bei ya kasha.

Hatuanzi bila kitu. Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha watafiti wa vyuo vikuu vya humu nchini, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kijaluo na lahaja za Kiluhya. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unawawezesha wasemaji wa Kiswahili kutoa sauti zao kwa hiari. Malighafi ipo. Kinachokosekana katika idara nyingi ni mahali pa kuipikia, na mpishi anayejua ladha ya lugha yenyewe.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Wajibu huo hauwezi kutekelezwa kwa makongamano na fulana zenye maandishi peke yake. Idara zinapoandika makadirio ya fedha za mwaka ujao, na zijumuishe kasha moja, kadi moja yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 12, na daftari la kuandikia majina ya waazimaji. Wasimamizi wa fedha wakiuliza lugha na kadi ya michezo vinahusiana vipi, waulizwe nao ni nani atakayeifunza mashine kutofautisha *paa* na *paa*.