Operesheni ya kupunguza uzito: "Kwani wewe ni bonge?"

Wadau, chukua dada mwenye kisukari cha ukubwani, kilo 82, urefu mita 1.60. Akitaja operesheni anaambiwa: "Bonge gani wewe? Acha chipsi tu!" Jamani, macho si kipimo. Zidisha urefu kwa urefu, unapata 2.56, gawa 82 kwa hiyo, jibu 32. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka 40, au 35 ukiwa na maradhi makubwa. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha: 35 hata bila maradhi, 30 kwa mwenye kisukari kama chake. Ila si mchezo: aina moja hukata kama asilimia 80 ya mfuko wa chakula, haurudishwi, na vitamini utameza maisha. Aamue na daktari wake, sio kijiwe. Au mnasemaje wadau?