Msikiti wa Bustanini na Sikukuu ya Asparaga: Ziara Yetu ya Ujerumani

Wapo wanaodhani kuwa Ujerumani ni nchi isiyotuhusu ndewe wala sikio sisi watu wa pwani. Hata hivyo, kila asubuhi tuwahimizapo watoto waende shule, twatamka neno lenye asili ya Kijerumani. Na tuulizanapo habari za hela, twaitaja sarafu ya Heller iliyotumika ng'ambo ya mpaka wakati Wajerumani walipoitawala Tanganyika. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alizaliwa Derendingen, katika jimbo ambalo leo huitwa Baden-Württemberg. Ni katika jimbo hilohilo ambamo marafiki zetu wanaishi, na ndiko tulikoelekea Mei iliyopita, sisi na watoto wetu, kwa mwaliko wao wa muda mrefu.

Mwenyeji wetu ni mzaliwa wa Lamu, shoga wa mama wa nyumba yetu tangu utotoni. Mumewe ni Mjerumani mwenye asili ya Kituruki. Babu yake alikwenda huko kufanya kazi viwandani baada ya mapatano ya mwaka 1961 kati ya Ujerumani na Uturuki. Wana watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Kabla hatujaondoka, mama mzazi wa shoga yetu alitupa amana: doti moja ya kanga, halua na iliki ya kutilia chai. Pamoja na vitu hivyo alitupa na swali, naye alilitamka kwa sauti ya chini: "Niangaliyeni wajukuu zangu. Wangali wetu?"

Swali hilo tulilibeba kama tulivyobeba ule mzigo. Kila familia yenye mtoto ughaibuni hulijua, hata kama hailisemi.

Mji usio na majina ya mitaa

Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt hadi Mannheim ni mwendo wa takriban nusu saa kwa treni ya kasi. Kitovu cha mji huu kimepangwa kama ubao wa dama: badala ya majina ya mitaa, kila kizio cha majumba kina herufi na nambari yake. Watoto wetu walifurahi kutafuta nyumba kwa herufi na nambari kama wachezao mchezo.

Mannheim ni mji wa magurudumu. Hapa ndipo Karl Drais alipoendesha mwaka 1817 chombo cha magurudumu mawili kilichokuwa babu wa baiskeli, na hapa ndipo Carl Benz alipounda gari lake la injini, lililopewa hataza mwaka 1886. Lakini kisa kilichowateka wanawake wa msafara wetu ni cha mkewe, Bertha. Watu walikuwa wakilitilia shaka gari hilo. Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, Bertha aliwachukua wanawe wawili wa kiume, akaliendesha hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita mia moja na zaidi, kwenda kumwona mamake. Njiani alinunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch, na mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Tangu hapo dunia iliamini kuwa gari lafaa kwa safari ndefu. Shoga yetu alikisikiliza kisa hiki, ambacho bila shaka alikwishakisikia mara nyingi, kisha akasema polepole, "Naye alikuwa akenda kwa mamake." Miaka sita imepita tangu alipokanyaga Lamu mara ya mwisho.

Ijumaa tuliswali katika Msikiti wa Yavuz Sultan Selim, uliofunguliwa mwaka 1995 na ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa mkubwa kuliko yote Ujerumani. Umesimama mkabala na kanisa la Kikatoliki, mnara kwa mnara. Pwani tumezoea kuelekea kaskazini tunaposwali. Kule kibla kiko kusini-mashariki, na jua la mwezi wa Mei hukawia kuchwa hadi karibu saa tatu za usiku. Isha huja usiku mwingi, na Alfajiri huja kabla usingizi haujakolea. Mwenye kuhifadhi swala zake kule wakati wa kiangazi hufanya jihadi ya nafsi ambayo sisi wa ikweta hatuijui.

Heidelberg na msikiti wa mfalme asiye Mwislamu

Heidelberg ni jirani wa Mannheim, mji wa mto Neckar wenye chuo kikuu kilichoasisiwa mwaka 1386, kikongwe kuliko vyote vilivyomo Ujerumani ya leo. Juu ya kilima yamesimama magofu ya ngome ya mawe mekundu iliyobomolewa na majeshi ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 17, kisha ikapigwa na radi mwaka 1764. Tulilitazama gofu lile tukakumbuka Gede: mahali palipojaa watu, sauti na fahari, na sasa ndege ndio wenye nyumba.

Lakini kilichotushangaza zaidi kilikuwa Schwetzingen, mji mdogo ulio karibu na hapo. Mtawala wa Pfalz, Karl Theodor, alikuwa na kasri la kiangazi huko lenye bustani pana mno, ya zaidi ya hekta 70. Ndani ya bustani hiyo, baina ya vidimbwi na mahekalu ya mapambo, tuliona kuba na minara miwili. Ni msikiti, au tuseme sura ya msikiti, uliosanifiwa na Nicolas de Pigage na kujengwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 18. Haukujengwa kwa ajili ya swala. Wakati huo mambo ya Mashariki yalikuwa yakipendwa sana na wakuu wa Ulaya, na mtawala alitaka bustani yake iwe na mfano wa kila hekima ya dunia. Kutani mna maneno ya hekima kwa Kiarabu na Kijerumani, na kwa kuwa mafundi hawakuijua vyema lugha ya Kiarabu, baadhi ya hati zina makosa.

Hata hivyo jengo hilo halikubaki pambo tu. Husimuliwa kuwa baada ya vita vya Ufaransa na Ujerumani vya mwaka 1870 na 1871, wanajeshi Waislamu wa Afrika Kaskazini, waliotekwa wakipigania Ufaransa na kutibiwa mjini humo, waliswali ndani yake. Tulisimama uani tukiwafikiria watu hao: majeruhi, mbali na kwao, katika baridi wasiyoizoea, wakikuta kuba katika bustani ya wageni. Aliyelijenga hakuwakusudia wao, lakini Mola hupanga atakavyo.

Mboga inayofichwa na jua

Schwetzingen husifika kwa jambo la pili, nalo ni asparaga. Wenyeji husema mboga hii ililimwa katika bustani ya kasri tangu mwaka 1668. Katika uwanja ulio mbele ya kasri iko sanamu ya mama muuza asparaga, na kila mwaka Mei inapoingia mji hufanya sikukuu yake.

Asparaga nyeupe na ya kijani ni mmea mmoja. Tofauti ni jua. Mkulima huinua matuta marefu ya mchanga juu ya mizizi, na chipukizi hukua gizani likibaki jeupe. Likichungulia nje hubadilika rangi. Kwa hiyo mvunaji hupita kila siku, hufukua kwa vidole, hukata kwa kisu kirefu, kisha huufukia tena ule mwanya. Kazi yote ni ya mkono, na wengi waifanyao ni vibarua watokao Rumania na Poland, walioacha watoto wao nyumbani kwa miezi miwili au mitatu. Ifikapo tarehe 24 Juni mavuno husimamishwa, ili mizizi ipumzike na kupata nguvu za mwaka ujao. Tuliona hekima katika desturi hiyo: ni nchi tajiri, lakini mboga waipendayo kuliko zote huiacha ardhini kwa zaidi ya miezi tisa.

Sikukuu yenyewe ndiyo iliyoleta mjadala nyumbani kwa wenyeji wetu. Jirani yao wa mlango wa pili, bibi wa Kijerumani aliyefiwa na mumewe, ambaye watoto humwita Oma kama Wajerumani wamwitavyo nyanya, alikuwa amewaalika kila mwaka, nao kila mwaka walitoa udhuru. Mume aliona ni bora kukaa mbali: asparaga huko huliwa pamoja na mapande ya nyama ya nguruwe, na meza za bia hazikosekani. Mke alisema kwa upole kwamba jirani ana haki, na kwamba mwanamke yule ndiye aliyeketi na watoto usiku ule yeye alipolazwa hospitali. "Tukikataa kila kitu chao," alisema, "watoto watadhani dini yetu ni neno moja tu, nalo ni hapana." Mume alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi na twende asubuhi, kabla ya msongamano, na tule tunachokijua."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Uwanja ulikuwa umepangwa meza za wakulima, asparaga zimefungwa vitita kama mishumaa. Oma alitufunza kuchagua: ukisugua chipukizi mbili zikalia, ni mbichi, na mahali ilipokatwa pawe na majimaji. Muziki ulipigwa, na binti aliyetawazwa malkia wa asparaga alipita akisalimiana na watu. Walikuwako waliovitazama vilemba vya kina mama wetu, na walikuwako waliotabasamu. Mzee mmoja alituuliza tulikotoka, na aliposikia Mombasa akatwambia kuwa aliwahi kufika Diani.

Hapo ndipo tulipolipata jibu la lile swali, bila kulitafuta. Msichana wa miaka tisa alitangulia mbele yetu. Katika kila kibanda alimuuliza muuzaji kwa Kijerumani fasaha, bila haya wala ukali, kilichomo katika mchuzi na kilichomo katika mkate. Kisha alitugeukia na kutwambia kwa Kiswahili cha bibi yake: "Hichi msile, kina nguruwe. Hichi kina mvinyo. Hichi ni siagi na ndimu tu, kuleni." Hakuna aliyemtuma.

Chakula cha mchana hakikuliwa uwanjani. Oma alikuwa amepika nyumbani kwake, na alipofunua meza alimwonyesha shoga yetu sufuria mpya, yenye karatasi ya dukani ingali imebandikwa chini. Aliinunua kwa ajili yetu, ili chakula chetu kisipikwe katika chombo kilichowahi kupikiwa nguruwe. Mume wa shoga yetu aliitazama sufuria ile, akainamisha kichwa, akashukuru kwa Kijerumani kwa maneno mengi kuliko tulivyowahi kumsikia akisema. Wakati wa Adhuhuri ulipoingia, Oma alitutengea chumba na kuuliza upande gani wa kuelekea. Mvulana wa miaka sita alinyosha kidole kusini-mashariki kabla ya mtu mzima yeyote kufungua kinywa.

Tuliporudi tulimweleza bibi yote haya, Lamu, katika baraza ya nyumba yake. Alituuliza jambo moja tu: kama ile sufuria ilikuwa kubwa. Tulipomwambia kuwa ilikuwa kubwa, alisema mwanawe ana jirani mwema, na akaanza kutengeneza mzigo wa pili, safari hii wa Oma.

Kwa atakaye kusafiri, na kwa atakaye kupika

Msomaji anayekusudia ziara kama hii na akumbuke mambo machache. Neno Schinken ni paja la nguruwe, na Schweinefleisch ni nyama yake. Liulize kabla hujaagiza. Mchuzi wa manjano uitwao hollandaise hutengenezwa kwa viini vya mayai, siagi na ndimu, lakini baadhi ya wapishi huutia mvinyo, na wengine huzichemsha mboga kwa supu ya nyama. Kuuliza si utovu wa adabu. Asubuhi ya sikukuu huwa tulivu kuliko jioni, na watoto hunufaika nayo zaidi.

Aipataye asparaga madukani kwetu kwa kawaida hupata ya kijani. Kata ncha ngumu ya chini. Nyeupe humenywa kuanzia chini ya kichwa kushuka; ya kijani yatosha kuoshwa. Chemsha kwa maji yenye chumvi na chembe ya sukari: nyeupe kwa takriban robo saa, ya kijani kwa dakika chache tu. Iandae na viazi vya kuchemsha, siagi na ndimu. Sisi tuliongeza pilipili ya kukaanga, na Oma, tulipomwonjesha, alikunywa maji bilauri mbili kisha akaomba tena.

Wahenga walinena kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi tumeokota hili: mtoto aliyelelewa vyema hubeba kwao popote aendapo, na jirani mwema hupatikana hata pale tusipomtarajia. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wote walio mbali, na awape walio huko Oma wa mlango wa pili. Amin.